Chipu Mbili za Mume Wetu

Tarehe 6 Februari

Kwako mke mwenzangu uliyepotea,

Kabla hujaniamkia, nikuulize: barabara ya kurudi huku imefungwa, au wewe ndiye uliyeifunga? Miaka minne. Mtoto aliyezaliwa wiki uliyoondoka sasa anatumwa dukani na anarudi na chenji kamili. Wewe hujarudi hata na chenji pungufu. Majirani wakiuliza nawaambia mjukuu wangu anasomea kunyamaza, na amefika shahada ya pili.

Haya, niamkie. Marahaba.

Sisi wazima. Mama yako bado anafua mashuka ya hospitali, na goti lake bado linamwambia aache, hawasikilizani. Mimi sikio la kulia limemfuata mwenzake wa kushoto. Mjomba wako aliniletea simu pana kama sinia, nikiiweka sikioni nasikia nyuki ndani ya kopo. Kwa hiyo tutaandikiana. Anayeandika hapa ni Kola, yule anayeshona kola karakana kwetu, na majibu yako atanisomea yeye huyohuyo. Anakusalimu sana. Hilo la salamu kaliingiza mwenyewe, mimi sikumtuma.

Sasa jambo. Mashine ya kufuma inaumwa. Ile kubwa, ya marehemu mume wetu. Tangu mwisho wa Januari, ikifika kwenye ua la mkono wa sweta inasahau. Inafuma jani la kwanza la ua, la pili, halafu la tatu inaacha tundu la kupitisha kidole gumba. Mwili wa sweta unatoka safi, ua linatoka kama limelala na panya. Na shule ya kule mlimani inataka masweta mia mbili na arobaini kabla ya Julai kwisha, na inataka ua, maana ua ndilo nembo yao. Hapa tuko wanawake wanne na mashine moja. Ikifa, tutabaki wanawake wanne na stuli nne.

Fundi redio aliifungua, akakitazama kile kidude chenye miguu ishirini na nne, akasema hiyo chipu ndiyo yenye michoro yote ya marehemu, na inafutika. Nikamuuliza dawa. Akasema dawa ni kupata nyingine yenye michoro ileile. Nikacheka, maana mume wetu hakuwa mjinga siku zote: alichomesha mbili, yaani aliandikisha michoro ileile kwenye chipu mbili. Moja ikakaa mashineni. Ya akiba nilikupa wewe, mkononi, siku ile unarudi chuoni, ukasema utaitolea nakala na utaitunza. Umeitunza vya kutosha. Ilete.

Na fanya haraka. Mjomba wako ameshaleta mnunuzi wa chuma chakavu aipime mashine kwa macho. Aliizunguka kama anapima ng'ombe. Nikamwambia ampime na Mjomba wako, ni mzito zaidi na hafumi chochote.

Mimi bibi yako, mwenye mashine.


Tarehe 2 Machi

Shikamoo Bibi,

Najua umeitikia huku umenuna. Barua yako ilikaa wiki nzima mapokezi ya kazini kwetu, chini ya kalenda, ndiyo maana nimechelewa. Hilo ni kweli. La uongo ningelitunga vizuri zaidi. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na ukuta wenyewe umepakwa rangi nusu. Nakula. Nalala. Mwambie mama afunge goti kwa kitambaa cha moto na aache kubeba mashuka yaliyolowa. Kola nimezipata salamu zako, hata kama umeziiba.

Bibi, habari ya mashine imenikaa moyoni. Lakini chipu iliyo mashineni huenda bado inaokoleka. Mgongoni ina kidirisha kidogo cha kioo. Waliitengeneza hivyo makusudi, ili mtu akitaka kuifuta aimulike kwa mwanga mkali kupitia hapo. Jua nalo linaifuta, polepole, siku hadi siku. Ndiyo maana babu alikibandika kikaratasi juu ya kioo. Swali langu la kwanza: kikaratasi kipo? Kama kimebanduka, kifunike kioo sasa hivi, kabla hujamaliza kuisikiliza barua hii.

Kisha nitumie hiyo chipu kwa posta. Ichomeke miguu kwenye karatasi ya fedha, ile inayong'aa ya kufungia chakula, uitie ndani ya kiboksi. Huku itasomwa kwa kifaa tunachokiita programa. Ni kisanduku chenye soketi: unaweka chipu, unaibana kwa kimkono, kompyuta inasoma kilichomo au inaandika kipya. Shida ni kwamba kazini hatuna. Ya zamani imekufa. Tunatengeneza vibao vya kuendeshea pampu za maji, na kila kibao kina maikrokontrola, yaani chipu yenye akili yake, ambayo isipoandikwa haijui kama yenyewe ni pampu au pasi. Sasa bosi amenipa mimi kazi ya kuchagua programa mpya. Moja tu, ya chipu za kila aina, ya kututosha miaka kumi.

Nimetengeneza jedwali. Nalinganisha kumi na moja. Kuna moja inayojua aina elfu ishirini na sita za chipu. Natazama kasi, volti, soketi za ziada, leseni, na kama inaweza kuiandika chipu ambayo tayari imechomelewa kwenye kibao. Mistari kumi na tisa. Nikikosea, nitatazamwa kila asubuhi kwa hiyo miaka kumi, kwa hiyo sikimbilii.

Ile karatasi ya miraba ambayo babu alichorea ua, bado ipo?

Mjukuu wako.


Tarehe 21 Machi

Mke mwenzangu mwenye jedwali,

Marahaba. Sikununa, uso wangu ndivyo ulivyo siku hizi. Mama yako amefunga goti kwa kitambaa cha moto, kisha akabeba mashuka. Kola amepata mjukuu wa kiume, anasema ana kilo nne. Mimi nimemwona, kilo moja ni mashavu.

Barua yako tumeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimwambia Kola atenganishe kurasa vizuri, labda kuna moja iliyogandana na nyingine, maana nilikuuliza kitu kimoja na jibu lake sikulisikia. Nilikuuliza ya akiba iko wapi. Umenijibu dirisha, ukuta, goti, pampu na pasi. Watu wengine wakinyamaza wanafunga mdomo. Wewe unanyamaza kwa kurasa nne.

Karatasi ya miraba ililiwa na mchwa mwaka ule paa lilipovuja. Kola anauliza kwa nini usihesabu matundu kutoka kwenye sweta la zamani ukayaandika hayo. Mjibu, maana ameniuliza mara tano leo, na mimi nimemjibu mara tano kwamba sijui, na bado haamini.

Kuhusu kikaratasi: mashine ni kubwa, na karatasi duniani ni nyingi. Tuendelee.

Sasa hiyo programa yako. Kumi na moja! Mimi niliolewa baada ya kuoneshwa wanaume wawili, na mmoja alikuwa amelala. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, wakasema tena mchagua nazi hupata koroma, na wewe umesimama sokoni unazitikisa zote huku umeshika daftari. Umefurahia moja inayojua chipu elfu ishirini na sita. Vizuri. Namfahamu mwanamke anayejua majina ya watu wa mtaa mzima na hajui mumewe amelala wapi. Ya kwangu imo katika hizo elfu ishirini na sita? Hukusema. Nadhani haimo. Kifaa cha watu wote duniani, isipokuwa bibi yako.

Nisikilize, ingawa sikuingia darasani hata kwa kufagia. Muuzaji usimpelekee jedwali, mpelekee chipu. Tia mfukoni zile mnazozitumia Jumatatu asubuhi, na moja kongwe kama yangu, umwambie aziandike mbele yako umesimama. Sindano za mashine hii nilizinunua hivyo: nilikwenda na uzi wangu. Wauzaji watatu walikasirika, wa nne ndiye niliyenunua kwake. Na umuulize siku ikigoma atakuja nani. Akisema piga simu, muulize simu inapokewa na mtu au na muziki.

Chipu siitumi. Posta hao walimpotezea dada yangu godoro. Godoro, si bahasha. Uje uichukue, na uje na dada yake uliyenaye.

Bibi yako.


Tarehe 18 Aprili

Shikamoo Bibi,

Hongera kwa Kola. Mwambie swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa hapa. Sweta linaonyesha ua, lakini halionyeshi amri: lini sindano zipande, lini uzi ubadilike, lini mkono urudi nyuma. Amri hizo zimo ndani ya chipu pekee, na fundi aliyezichoma alishafariki. Bila kuisoma chipu tutakuwa na picha ya chakula bila moto wa kupikia.

Nimefanya ulivyosema. Nilijaza mfuko wa koti chipu za Jumatatu pamoja na kongwe moja niliyoichomoa kwenye kibao kibovu, nikazunguka. Jedwali nililiacha kwenye droo. Wauzaji wanane waliniambia niache namba yangu ya simu. Zimebaki tatu.

Ya kwanza ni ndogo na rahisi. Chipu mpya inaziandika bila taabu. Kongwe ikaitazama kama mgeni asiyealikwa: chipu kongwe zinahitaji volti ishirini na tano kuandikwa, na yenyewe haifiki huko.

Ya pili ndiyo ile ya elfu ishirini na sita. Inaandika nane kwa pamoja, ina taa za kijani, bosi ameipenda kabla haijawashwa. Kongwe haimo kwenye orodha, Bibi, ulikisia sawa. Halafu kila mwaka lazima iombe ruhusa ya kufanya kazi kupitia mtandao. Nilimuuliza muuzaji, mtandao ukikatika? Akasema haukatiki. Wakati huo tulikuwa gizani, umeme umekatika.

Ya tatu ni nzito, inaandika moja moja, na inafanana na redio ya babu. Lakini niliichagulia volti ninazotaka wakati wa kusoma. Hilo ndilo tunalolihitaji sisi. Chipu iliyofifia, ukiisoma kwa nguvu ya kawaida inapayuka. Ukipunguza nguvu kidogo, inaweza kutulia na kusema kweli. Na simu yao ilipokewa na mtu, tena ana mafua.

Bosi anataka ya pili. Nikisema ya tatu, nitalazimika kuitetea mbele ya watu wote. Nimeomba wiki mbili.

Nakuuliza tena kikaratasi, kwa sababu nahitaji kujua chipu imekaa wazi siku ngapi. Kama ni siku mbili, hata ya pili inaweza kutufaa kwa kubahatisha, nikiidanganya kwa jina la chipu nyingine. Kama ni zaidi, ni ya tatu au hakuna.

Ile ya akiba iko mahali pake.

Mjukuu wako.


Tarehe 5 Mei

Kwa mjukuu mpendwa, ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya, na ukitaka kujua hali yangu mimi ni njema, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Hayo ni maneno ya huyu bwana anayewaandikia watu barua nje ya posta. Anaanza hivyo kwa kila mtu, hata anayedai talaka. Nimemwacha amalize kwa sababu alishika kalamu vizuri. Kuanzia hapa ni mimi.

Barua hii haikuandikwa na Kola, na wala Kola hajui kwamba ipo. Nimemwambia nakwenda kutazama bei ya uzi. Jibu lake usiliandike, maana jibu atalisoma yeye.

Kikaratasi nilikibandua mimi.

Januari tulikuwa tunafanya usafi mkubwa. Nilifungua kifuniko, nikakiona kile kikaratasi kimejaa mafuta na vumbi, pembe zimeinuka, nikasema hata akiwa kaburini mwanamume huyu ananiachia uchafu. Nikakibandua kwa ukucha. Nikafuta kioo kwa kitambaa na mate mpaka kikang'aa. Ukiinama unajiona jicho moja. Nikaona nimefanya jambo kubwa. Halafu nikaacha kifuniko wazi mashine ipate hewa, kwa kuwa ilikuwa inanuka mafuta ya zamani. Dirisha la karakana unalijua. Jua linaingia saa mbili asubuhi na halitoki mpaka lifukuzwe. Siku tisa.

Siku Kola aliponisomea barua yako ya Machi, alipofika kwenye "kifunike sasa hivi" nilimtuma akaniletee maji. Alipotoka nikaikimbilia mashine, nikakifunika kioo kwa plasta ya kidonda. Akarudi na maji, nikayanywa yote bila kiu. Tangu hapo wanawake watatu wanakaa kila siku wanaulizana ni nini kimeipata mashine, na mimi nakaa katikati yao naulizana nao. Nimekuwa hodari. Juzi nilisema labda ni umeme.

Bwana wa posta amenitazama juu ya miwani. Nimemwambia aandike, asitazame.

Kwa hiyo siku zako ni tisa, asubuhi mpaka jioni. Kama jibu ni ile nzito inayofanana na redio, basi itetee hiyo nzito. Huyo bosi wako anapenda taa za kijani. Mwambie hata kinyonga ana kijani.

Nimeichomoa chipu. Imo humu, kwenye karatasi ya fedha, ndani ya kipochi nilichokishona leo asubuhi. Nimeitoa kwa mpini wa kijiko nikiwa nimeshika pumzi. Nimeileta posta mwenyewe, na nimemwambia karani wa dirishani jina lake nimelikariri na uso wake pia. Mashine sasa haina kitu kichwani. Nimewaambia wenzangu chipu imekwenda kutibiwa.

Mimi langu nimelisema. Nimelisema kwa mtu nisiyemjua, katikati ya barabara, ili likufikie. Wewe uko kwenye chumba chako na kalamu yako mwenyewe.

Bibi yako.


Tarehe 30 Mei

Shikamoo Bibi, na shikamoo Kola unayesoma,

Kipochi kimefika pamoja na vyote vilivyokuwamo. Asante.

Nianze na la kazini. Niliingia kwa bosi na boksi la vibao vya pampu walivyotuletea wateja mwaka huu tukawaambia havitengenezeki, kwa sababu chipu zake ni kongwe. Nikavipanga mezani kwake. Vilijaa meza, vingine nikaviweka kwenye kiti chake. Nikamwambia kwa wiki tunaandika vibao arobaini tu, kwa hiyo kuandika nane kwa pamoja kutatuokolea muda wa kunywa chai, na chai tayari tunakunywa. Nikasema ya tatu itafanya mpya zote za Jumatatu na hivi vyote vilivyo mbele yake. Alihamisha kibao kimoja ili apate pa kuweka kiwiko. Akasema sawa, lakini ikituangusha ndani ya miezi mitatu, nitamweleza kila mteja mimi mwenyewe. Imefika Jumanne. Ni mbaya kwelikweli, Bibi, na inanguruma.

Niliisoma chipu yako siku hiyohiyo. Kwa volti tano niliisoma mara saba na ikanipa majibu saba. Nikashuka kidogo kidogo. Ilipofika volti nne nukta mbili ikatulia: mara tano mfululizo, jibu lilelile karibu lote. Amri zote zimo, nzima. Kwenye ua kuna mistari mitatu ambayo bado inabishana. Hiyo nimeizungushia duara. Nimekuchapia ua lote kwenye karatasi, nukta nyeusi ni uzi, nafasi tupu ni tundu. Tazama hiyo mistari mitatu uniambie ilivyokuwa. Mstari wa kumi na nne ulikuwa na kosa la wazi, tundu moja limekaa pembeni, huo nimeshausahihisha.

Kola, ukifika hapa usiruke wala usifupishe.

Bibi, ya akiba haipo. Niliiua wiki ileile uliyonipa. Chuoni tulikuwa na programa moja ya bei rahisi, soketi yake haikuwa na alama. Nilikuwa na haraka ya kukuonyesha kwamba najua. Niliiweka chipu kinyume, kichwa mahali pa miguu, nikabonyeza. Ilitoa harufu ya plastiki, halafu uzi mwembamba wa moshi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nilikuandikia iko mahali pake, na mahali pake ni ndani ya soksi, kwenye sanduku langu, imepasuka kioo.

Likizo ya mwaka wa kwanza sikuja kwa sababu ungeniuliza. Ya mwaka wa pili sikuja kwa sababu sikuja ya kwanza. Baada ya hapo kila mwaka ulijitafutia sababu wenyewe. Ulipoandika Februari kwamba mashine inaumwa, nilijua kwamba kama ile nyingine ingekuwa hai, ungekuwa umeshapona shida hii kwa siku moja. Programa kumi na moja sikuzilinganisha kwa ajili ya bosi peke yake. Nilikuwa naogopa kuiweka chipu ya pili ya babu kwenye soketi yoyote ile. Jumanne niliigeuza na kuigeuza mpaka fundi mwenzangu akaniuliza kama naisalimia.

Sina la kujitetea.

Mjukuu wako.


Tarehe 17 Juni

Mke mwenzangu mdogo, mchoma mali,

Kola alisoma mpaka kwenye moshi, akanyamaza. Mimi sisikii vizuri, lakini mtu akinyamaza naona. Nikamwambia endelea. Akaendelea kwa sauti kubwa, mpaka wale wawili kwenye cherehani wakasimamisha pedeli.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikasirika kwa mazoea tu. Na si kwa sababu ya chipu. Chipu ni kidude, hata mimi nimekitia mate. Nilikasirika kwa sababu nilikaa miaka minne najiuliza nilikukosea nini. Nilipekua kila neno nililokuambia siku ile unaondoka. Nilifikiri labda ni kwa sababu nilisema viatu vyako vinafanana na mitumbwi. Nilishaanza kujuta kuhusu viatu. Kumbe wewe uko huko unakimbizwa na soksi.

Usirudie. Ukiua kitu changu, njoo na maiti yake mlangoni siku hiyohiyo, nikutukane ukiwa mbele yangu, tule, yaishe. Matusi ya ana kwa ana hayafiki hata jioni.

Halafu nikawatazama wale wanawake watatu. Wewe umelisema lako mbele ya Kola, ukijua Kola ni redio ya mtaa, na mimi langu nimelipeleka kwa bwana wa posta kama mwizi anayeuza kuku mji wa pili. Nikasimama nikawaambia: kikaratasi nilikibandua mimi, siku tisa, plasta ni yangu. Kola akamaliza kola aliyokuwa nayo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Bibi, mimi nimemshuku fundi redio miezi mitano. Nimemnyima hata salamu." Akavua kastabini kidoleni, akatoka kwenda kumsalimu.

Sasa karatasi yako ya nukta. Kola aliniwekea mezani, akataka kunieleza. Nikamwambia kaa. Barua siwezi kusoma, lakini hii si barua, hii ni sweta limelala chali. Nimeipitia kwa kidole mstari kwa mstari. Ile mitatu yenye duara nimeijaza kwa sindano na uzi mwekundu, palipo na uzi pawe na uzi, palipo wazi nimeacha. Wa tisa ulikuwa umekosa mbili, wa kumi na moja umekosa moja, wa kumi na saba ulikuwa mzima, unabishana bure kama Mjomba wako.

Ila wa kumi na nne, nani alikutuma? Tundu lile halikuletwa na jua. Siku mume wetu anahesabu miraba mimi nilikuwa nyuma yake namgombeza, sababu nimeisahau, akaruka mraba mmoja. Fundi akachoma hivyohivyo, mbili. Nilimcheka miaka thelathini. Kila sweta lililotoka karakana hii lina jani la ua lililokaa upande, na kule mlimani wakipelekewa ua lililonyooka watasema tumewauzia kazi ya watu wengine. Nimelifumua sahihisho lako na kuliweka kosa mahali pake. Liandike kama lilivyo, karatasi imo humu. Shule uliyosoma ni nzuri, lakini haikufuma.

Na hiyo programa yako mbaya inayonguruma, uitunze. Ukiona kitu kinafanya kazi na hakina taa za kijani, kishike.

Chomesha mbili, kama yeye. Usizitume, zilete mwenyewe, na uje na kikaratasi kizito cha kubandika, cheusi, kisichochafuka upesi. Mama yako amepata ruhusa ya siku mbili na anaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Tuna masweta mia mbili na arobaini ambayo mikono yake haijafumwa, na wanawake wanne waliokaa.

Njoo Ijumaa ya tarehe ishirini na sita. Mnunuzi wa chuma anakuja na Mjomba wako Jumamosi asubuhi, na nataka akute uzi uko kwenye sindano. Mlango wa mbele utakuwa na komeo, pita upande wa karakana. Hodi usipige, sitaisikia. Ingia tu.

Bibi yako.